Pampu ya DC na mabomba ya tangi la samaki wa maji chumvi, nimekaa nayo miezi 9 Arusha

Nilijiwekea kwamba sitaisemea hii pampu mpaka ipite baridi ya Julai na ipite kukatika katika kwa umeme, sasa imepita vyote na bado inazunguka kwaiyo naandika. Na naandika kwa urefu maana mwanzoni nilitafuta sana mtu wa Arusha au hata Moshi aliyefunga tangi la maji chumvi nyumbani aniambie mabomba alifanyaje, sikumpata, kila niliyempata ananionyesha samaki. Samaki ni wazuri ndio, ila samaki anaishi kwa kile kinachofanyika chini ya kabati na huko ndo hakuna anayekuonyesha.

Tangi letu liko sebuleni, Njiro. Urefu sm 120, upana 50, kimo 50, yani lita 300 ukilijaza mpaka mdomoni, sisi tunatumia kama 260. Chini yake ndani ya stendi ya chuma iko sampu, yani tangi dogo la chini linalopokea maji ya juu, ya sm 90 kwa 40 kwa 40, humo ndo kuna skima ya protini (inayotoa uchafu kwa povu), heta mbili na pampu ninayoiongelea. Baba yangu amevua Pangani maisha yake yote, miguu ilipoanza kumsumbua tukamleta huku tukae nae, na mtu aliyezoea kuamka anaiona bahari ukimweka mji ambao dirishani kuna Mlima Meru anashukuru lakini unamuona kabisa kuna kitu kimepungua. Tangi lilianzia hapo. Kwaiyo kwangu hii siyo pambo, nilitaka kitu kisimame miaka.

Pampu yenyewe ni ile ya kuzama majini, DC (umeme kama wa betri) ya voti 24, kwenye boksi imeandikwa lita 4000 kwa saa na kupandisha maji mpaka mita 3.5, ina kontrola ndogo ya spidi 10 na kitufe cha kulishia samaki kinachoizima dakika kumi kisha inawaka yenyewe. Shafti ni ya seramiki siyo chuma, hilo nililiangalia kwanza kabla ya bei maana chuma ndani ya maji chumvi ni suala la muda tu. Mpaka inafika mkononi ilikula kama laki mbili na nusu pamoja na kusafirishwa. Ya AC (umeme wa ukutani) yenye nguvu hiyo hiyo ningepata nusu ya hiyo bei na siibezi, ya AC haina kontrola ya kuharibika, unachomeka inaenda. Mi nilichagua DC kwa sababu moja kubwa ambayo nitaifikia, ya betri. Alafu mwenye ndugu Marekani anayetaka kukuletea ya kule mwambie aangalie lebo vizuri, kule ni voti 120 na hezi 60, hapa ni 230 na hezi 50, ya AC iliyotengenezwa kwa ajili ya kule ukiichomeka ukutani hapa inaungua siku hiyo hiyo.

Sasa ufungaji wa kwanza. Duka la mjini lililoniuzia tangi lilinipa na fundi wake, sitalitaja, na yule fundi hakuwa mvivu, alifanya kwa siku moja na usafi. Tatizo alifunga tangi la samaki kama anavyofunga bafu. Bomba la kupandisha maji aliweka la robo tatu ya inchi, likazunguka nyuma ya stendi kwa elbo sita, juu kwenye tangi midomo ya kutolea maji akaizamisha sm 8 chini ya uso wa maji ili isionekane, katikati akaweka cheki valvu akaniambia dada hii inazuia maji yasirudi, kwaiyo lala usingizi. Sampu akaijaza mpaka sm 28.

Siku ya tatu saa mbili usiku umeme ukakatika. Ndani ya dakika chache maji yako sebuleni, zulia limelowa, mtoto anakanyaga anacheka, mi natafuta tochi na mataulo. Samaki walikuwa bado hatujawaweka, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kesho yake nikakaa na kalamu na kikokotoo, na hii hesabu naomba kila anayetaka tangi lenye sampu aifanye kabla hajalipa mtu. Tangi langu juu ni sm 120 kwa 50, kwaiyo kila sm moja ya maji ni lita 6. Pampu ikisimama, lile bomba la kupandisha linageuka saifoni, linanyonya maji ya tangi kuyarudisha chini mpaka midomo ipate hewa. Midomo iko sm 8 chini, 8 mara 6 ni lita 48. Ongeza lita kama 5 za kwenye boksi la ovafloo (pale maji ya tangi yanapomwagikia kwenda sampu) na 2 za ndani ya mabomba, jumla lita 55 zinashuka. Sampu yangu kila sm moja ni lita 3.6, ilikuwa imejaa mpaka 28 kati ya 40, imebaki nafasi ya sm 12, hiyo ni lita 43 tu. Lita 12 zilizobaki lazima ziende mahali na zilienda kwenye zulia. Ilikuwa imeandikwa kwenye vipimo toka siku ya kwanza, umeme ulikuja kuisoma tu.

Na cheki valvu? Niliifungua. Punje ya mchanga, punje moja, ilikuwa imekaa kwenye kile kimlango haijaacha kifunge. Kwenye maji ya bomba la kawaida ile kitu inafanya kazi vizuri, ila kwenye maji ya bahari kuna mchanga, kuna chokaa inajijenga, kuna vidudu vinavyojishika kwenye plastiki, siku moja lazima kitu kikwame hapo na hiyo siku huijui. Alafu inapunguza nguvu ya maji muda wote inapokuwepo. Mi sa hivi sina cheki valvu kabisa na ndo nalala vizuri.

Cha pili alikiona baba na mi sikukijua. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake anaangalia fundi alichofunga, akaniita, mwanangu hii koki ya njano si shaba hii? Kwenye bomba la kushusha maji fundi aliweka geti valvu ya shaba ile ya njano na nipo mbili (vile vipande vifupi vya kuungia bomba) za chuma cha kupaka zinki, vile vile anavyofungia simtanki. Baba akaniambia sisi chombo tulikuwa tunakipaka deheni chini, haya maboti ya kisasa yanapakwa rangi yenye shaba, unajua kwa nini? Ili vidudu vya baharini visishike, vikigusa vinakufa. Sasa wewe unataka kuweka kamba na konokono humu ndani alafu maji yao yapite kwenye shaba usiku na mchana? Nikaenda kusoma, na ndivyo ilivyo, shaba kidogo sana inayeyuka kwenye maji chumvi na samaki wanaweza kuivumilia kwa kiasi lakini kamba, konokono na matumbawe hawaiwezi. Shaba ya njano ni shaba nyekundu na zinki zimechanganywa, haina tofauti kwao. Kwaiyo hadwea ukiulizwa unataka koki gani jibu ni plastiki tu, hakuna chuma chochote kinachogusa maji, hata skrubu, hata klipu ya kubania mpira.

Tukabomoa yote. Nikatafuta fundi mwingine, nikampata kupitia jirani, chalii mmoja ambaye miaka mingi amefunga mabomba ya umwagiliaji kwenye mashamba ya maua ya kuelekea Usa River, na huyu ndo namsifia kwa moyo wote. Hajawahi kuona tangi la maji chumvi ila anayajua maji yanavyotembea, nilivyomwambia sitaki shaba akasema basi tusiende hadwea ya ujenzi, twende kwenye maduka ya umwagiliaji, kule kila kitu ni plastiki. Na kweli. Bol valvu za plastiki zenye yunioni (kiungo unachofungua kwa mkono bila kukata bomba) pande mbili ambazo mjini nilizunguka nusu siku sizioni, kule ziko kwenye rafu za kila saizi. Kwa anayekaa Arusha au Moshi hii ni faida tuliyonayo na hatuitumii, mikoa ya mashamba ina maduka ya mabomba ya plastiki yanayokubali presha, na anayekuuzia anajua anachouza.

Kuna mtego mmoja hapo, na umeshanila pesa kwaiyo sikilizeni. Hadwea ya ujenzi mara nyingi wanauza kwa inchi: nusu, robo tatu, inchi moja, inchi moja na nusu. Umwagiliaji wanauza kwa milimita: 20, 25, 32, 50. Ukiangalia kwa macho bomba la mm 32 na la inchi moja unaona ni ndugu, lakini la inchi moja kwa nje lina karibu mm 33.5. Ukiingiza la 32 kwenye soketi ya inchi linacheza, watu wanajaza gundi liko linacheza hivyo hivyo, linashika siku hiyo, baada ya mwezi linaanza kudondosha tone tone na tone la maji chumvi linaacha ukoko mweupe unaopanda mpaka kwenye soketi za umeme. Pampu yangu ilikuja na yunioni ya mm 32. Kwaiyo tukaamua mfumo wote uwe wa milimita kuanzia pampu mpaka juu, hakuna kuchanganya, na zile tenki konekta mbili za kwenye kioo tu ndo zenye nyuzi za inchi, hapo tuliweka adapta ya nyuzi ya plastiki na tepu nyeupe, tukaikaza kwa mkono na robo mzunguko wa spana basi. Ukikaza kama nati ya baiskeli kioo kinapasuka.

Bomba jipya la kupandisha ni la mm 32 moja kwa moja toka kwenye pampu, lina elbo mbili tu na zote ni za nyuzi 45, hakuna kona kali. Hapa nataka niseme kuhusu namba zinazoandikwa kwenye maboksi maana watu wanasema pampu ni ya uongo wakati siyo. Lita 4000 ni pale pampu inaposukuma maji bila kuyapandisha popote. Kwangu kutoka uso wa maji kwenye sampu mpaka juu ni kama mita 1.2, na kila elbo ya nyuzi 90 mafundi wa matangi wanaihesabu kama umeongeza sm 30 hivi za kupandisha, sasa elbo sita peke yake ni karibu mita mbili za ziada, alafu bomba lenyewe jembamba. Nilipima na mabomba ya kwanza: nilichomoa mdomo wa juu nikaelekeza maji kwenye ndoo ya lita 10 usawa ule ule huku nahesabu kwa simu, sekunde 21, yani lita kama 1700 kwa saa. Pampu ile ile, spidi ile ile ya 10, mabomba mapya: sekunde 13, karibu lita 2770. Sijabadilisha pampu, nimebadilisha plastiki ya elfu hamsini na kidogo. Anayetaka kununua pampu kubwa zaidi kwa sababu maji hayana nguvu aangalie kwanza kona zake.

Na tena huhitaji ile nguvu yote. Mi naiendesha spidi ya 6, ndoo inajaa kwa sekunde 22, hiyo ni lita 1600 na kitu kwa saa, maji ya tangi yanapita kwenye sampu mara sita kila saa na inatosha kabisa. Mawimbi ndani ya tangi ni kazi ya pampu nyingine ndogo za kubandika kwenye kioo, usiilazimishe hii ifanye kazi mbili. Kwa spidi hiyo inakula wati kama 20, unit 14 hivi kwa mwezi.

Midomo ya juu sasa iko sm 2 tu chini ya uso wa maji, na kila mdomo una katobo ka mm 4 upande wa juu, pampu ikizima maji yakishuka kidogo tu katobo kanapata hewa saifoni inakatika. Nakasafisha kila Jumapili kwa kijiti cha meno maana mwani unapenda kuziba hapo. Hesabu mpya ni lita 12 za tangi, 5 za boksi, 2 za mabomba, lita 19, na sampu naiweka sm 24 kwaiyo kuna nafasi ya lita 57. Ila usiamini hesabu peke yake. Tulichofanya: tukazima pampu makusudi, tukaacha maji yashuke mpaka yatulie kabisa, ndo tukajaza sampu mpaka sm 10 chini ya mdomo wake, tukawasha, maji yakashuka yakasimama mahali, hapo tukabandika tepu nyekundu. Hakuna mtu humu ndani anayeruhusiwa kujaza maji kupita ile tepu, hata mimi.

Kuna na upande wa pili ambao wengi hawaufikirii, vipi kama bomba la kushusha likiziba wakati pampu inaendelea kupandisha? Chumba cha pampu kwenye sampu kwangu kinaweza kutoa kama lita 15 kabla pampu haijaanza kunyonya hewa, lita 15 kwa 6 ni sm 2.5 juu, na mdomo wa tangi uko sm 4 juu ya maji. Kwaiyo hata ikitokea, haimwagiki. Hii ndo sababu chumba cha pampu hakitakiwi kuwa kikubwa sana, fundi wa vioo aliponishauri akipanue nikamkatalia.

Bomba la kushusha nalo lina habari yake. La kwanza lilikuwa moja, hewa na maji vinashuka pamoja, na sauti yake usiku ilikuwa mbaya, baba akasema mbona linakoroma hili. Tukabadilisha tukafanya mfumo unaoitwa Herbie, mabomba mawili. La kwanza linajaa maji matupu bila hewa, unalibana na valvu taratibu mpaka maji kwenye boksi la ovafloo yasimame juu ya mdomo wake, linakuwa kimya kabisa. La pili ni la mm 50, mdomo wake uko juu zaidi, linapitisha kauzi kembamba ka maji tu, la kwanza likiziba lenyewe linabeba yote. Hilo la pili usiweke valvu wala koki wala wavu, liache wazi. Kwenye kulibana la kwanza inayotakiwa ni geti valvu maana bol valvu ukiigusa kidogo imeruka, lakini geti valvu ya plastiki mpaka leo sijaipata Arusha, zote ni za shaba, kwaiyo natumia bol valvu na kila nikiisafisha nakaa nusu saa naigonga gonga kidogo kidogo mpaka itulie. Hii ni kero ya kweli na nawaambia mapema.

Gundi ya PVC, iache ikauke masaa 24 kabla ya kupitisha maji hata kama fundi anakuambia nusu saa inatosha, alafu zungusha maji ya kawaida siku mbili, mwaga, ndo uweke chumvi. Yunioni weka mbele na nyuma ya pampu na kwenye kila valvu. Bila yunioni siku ya kusafisha pampu utakata bomba kwa msumeno.

Naomba niseme na maji ya kujazia, japo siyo pampu hii lakini ni pampu nyingine. Maji ya huku chini ya Meru yanajulikana kwa floraidi, wengi tunaliona kwenye meno yetu wenyewe. Bahari nayo ina floraidi yake kama mg 1.3 kwa lita, kwaiyo yenyewe siyo sumu ya ajabu kwa samaki, shida ni kwamba tangi linapoteza maji kila siku kwa kukauka, kwangu kiangazi ni lita 3 mpaka 4, na kinachokauka ni maji tu, chumvi na madini yote yanabaki. Ukijazia ya bombani kila siku unaongeza madini juu ya madini, mwisho wa mwaka humo ndani hujui kuna nini. Unajazia maji matamu yaliyochujwa na mashine ya RO (inayosukuma maji kwa presha kwenye chujio linalobakiza madini), siyo ya chumvi. Sasa mashine za RO zinataka presha ya bar 3 mpaka 4, na nyumba zetu maji yanatoka kwenye simtanki juu ya mnara wa mita 4, na mita 10 ndo bar moja, kwaiyo una bar 0.4, mashine inadondosha kikombe kwa saa na mengi inatupa. Mi nilidhani nimeuziwa mbovu. Pampu ndogo ya kuongeza presha ya voti 24 ilimaliza tatizo jioni moja. Maji yanayotupwa tunadekia na kumwagilia maua, hatunywi.

Betri sasa. Sababu ya kununua DC. Fundi wa solar aliniwekea betri mbili za voti 12 za Ah 18, zimeunganishwa mfululizo zikawa 24, na kidude kinachohamisha umeme chenyewe TANESCO wakikata. Msiunganishe betri moja kwa moja kwenye kontrola, mbili zikiwa zimejaa na zinachajiwa zinapita voti 27 na kontrola imeandikwa 24, weka kipunguza voti katikati. Kwa spidi ya chini kabisa pampu inakula wati 12, betri zina wati saa 432, ukitumia nusu tu ili usiziue una masaa 18. Julai umeme ulikatika saa nne usiku ukarudi saa moja asubuhi, masaa tisa, pampu haikusimama hata dakika. Samaki wakikosa maji yanayotembea kinachowamaliza ni kukosa hewa, hawasubiri mpaka asubuhi. Joto lilishuka toka 25 mpaka 22 na nusu, tukalifunika tangi kwa blanketi, wote wazima.

Na umeme wenyewe: mbele ya kila kitu nimeweka frijigadi kwa ajili ya voti zinazoruka, na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja), hiyo siyo ya hiari, maji ya chumvi na mkono wa mtu ndani yake. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kisha ndo upande, tone likitembea kwenye waya lianguke sakafuni lisifike kwenye soketi.

Mabaya ya pampu ni haya. Waya kutoka kontrola kwenda kwenye pampu ni mita 1.5 tu, kwaiyo kontrola unalazimika kuiweka karibu na sampu ambako ukungu wa chumvi unaifikia, mi niliifunga kwenye boksi la plastiki nje ya kabati, waya ukavutika kweli kweli. Adapta inapata moto, siyo wa kutisha ila usiifunike. Mwezi wa nne ilianza kulia na maji yakapungua, nilipoifungua rota (ile sehemu inayozunguka) ilikuwa na chokaa kama ukoko wa birika, nikailoweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu usiku mzima, ikarudi kama mpya. Toka hapo naifanyia kila miezi mitatu. Anayesema haihitaji kufanyiwa kitu hajaiendesha kwenye chumvi. Spea ya rota inabidi uagize, kwaiyo niliagiza mapema na iko kabatini.

Kwa nyota, pampu 4 kati ya 5, ile moja nimeitoa kwa waya na kwa spea. Fundi wa umwagiliaji 5, na alirudi mara mbili kuangalia bila kuitwa. Ufungaji wa kwanza wa duka nawapa 2, walipokea simu yangu na walikuja, ila walikuja na mkebe wa gundi kuongezea kwenye cheki valvu na sikutaka kuongezewa, nilitaka kueleweshwa.

Wanaouliza kama nilichota mawe na matumbawe Tanga: hapana, mawe ni makavu ya kununua, matumbawe magumu yaliyo hai yako kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) na yana vibali vyake. Na maji ya bahari nayo hatukubeba, lita 320 ni kilo zaidi ya 320 za kusafirisha toka Tanga, tulichanganya chumvi ya tangi kilo 12 hivi kwenye maji ya RO, tukaiacha izunguke wiki tano bila samaki mpaka amonia na naitraiti (sumu zinazotokana na uchafu) zikasoma sifuri. Baba ndo alikuwa anapima. Chumvi anapima kwa kifaa, 1.025, kisha anachovya kidole anaonja anasema bado au tayari, na mpaka sasa kifaa na kidole havijapishana. Wiki iliyopita aliniambia yale maji yanayotoka mdomo wa kushoto yana nguvu kuliko wa kulia, nikapima kwa ndoo, kweli, katobo ka kulia kalikuwa na mwani na mdomo wenyewe una konokono mdogo kaingia ndani. Tumemtoa.